Mvua Yenye Pembe Nne

Jumanne, 4 Novemba

Kipimo: sufuri. Joto la kukaanga mtu.

Naandika nyuma ya daftari la mvua la mwaka juzi, kwenye kurasa zilizobaki tupu. Mke wangu hafungui daftari hili. Anasema lina usingizi ndani yake.

Kwa atakayelisoma nikishakufa: mimi ni mtunza ghala la ushirika. Ghala ni tupu tangu mavuno mabaya ya mwaka jana, kwa hiyo natunza milango. Lakini uani kuna kopo la kupimia mvua. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, mimi ndiye ninayelifungua, ninamimina kilichomo kwenye gilasi ya mistari, ninasoma, ninaandika, ninamtumia afisa kilimo kwa simu. Miaka kumi na miwili sasa. Watu wananiita Bwana Milimita. Wengine kwa heshima.

Mvua imechelewa wiki tatu. Mashamba yameshalimwa, udongo umekuwa unga. Kila mtu anasubiri, na anayesubiri lazima apate wa kumuuliza. Zamani walikuwa wananiuliza mimi. Siku hizi wanakwenda barazani kwa Fundi Cherehani kuuliza goti lake. Ujanani alianguka kwenye ngazi, na tangu hapo goti linauma mvua ikikaribia. Goti! Mimi nina kopo la serikali.

Jumapili goti lilisema bado wiki mbili na ushee. Mimi nikasema, mbele ya watu wote, Jumanne. Nilikuwa nimesoma taarifa ya hali ya hewa kwenye simu: uwezekano wa mvua Jumanne katika baadhi ya maeneo. Hayo maneno manne ya mwisho niliyaacha. Yalikuwa yanarefusha habari.

Leo ndiyo Jumanne. Saa nane likaja wingu jeusi, zito, kama mgeni mwenye mizigo. Likasimama juu ya ghala. Nikatoka, nikavua kofia. Matone manane. Niliyahesabu kwenye bati. Kisha wingu likaondoka kwenda ng'ambo ya mto, kwa watu wasiokuwa na kipimo hata kimoja.

Jioni Fundi alinitumia salamu. Anauliza kama nimelowa sana. Anasema kesho saa tatu atakuja na watu wake, washuhudie kopo.

Sawa. Waje.

Jumatano, 5 Novemba

Kipimo: 27.

Hapa naomba nisihukumiwe haraka.

Saa mbili nilichungulia ndani ya kopo. Nusu ya mstari wa kwanza. Yale matone manane yalikuwa yamekaa chini, yananitazama. Nikafikiria baraza la Fundi. Nikafikiria goti, likiwa limenyooshwa juu ya kigoda, linapewa pole. Mkononi nilikuwa na kikombe cha maji ya kunywa.

Lakini sikuandika uongo. Hilo nataka lieleweke. Nilimimina, nikasubiri saa tatu kama kawaida, nikafungua mbele ya mashahidi sita, nikasoma kilichomo. Kusoma kulikuwa kweli tupu. Mwongo alikuwa kikombe.

Walipouliza mbona ardhi kavu, nikawaambia ni manyunyu ya alfajiri, yamepita juu ya ghala tu, na ardhi yenye kiu haibakizi. Gilasi ni gilasi. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Fundi aliinama, akagusa udongo, akafuta vidole kwenye suruali, hakusema kitu. Fundi asiyesema kitu ni wa kuogopwa.

Afisa kilimo amejibu kwa simu. Ni binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, lakini ana mabuti makubwa na msimamo. Anasema amepokea, ila hatangazi watu wapande mpaka kipimo cha pili kithibitishe. Mvua ya siku moja, anasema, si mvua, ni salamu.

Vizuri sana. Hakuna atakayepanda, hakuna aliyeumia, na Fundi kanyamaza. Nimekula vizuri.

Alhamisi, 6 Novemba

Kipimo: sufuri. Ya kweli. Sikugusa kitu.

Aliyeumia yupo. Ni mama mkwe.

Nilitoka ghalani mchana nikapitia kwake, upande wa pili wa kilima, nikamkuta ameinama kwenye kile kipande cha nyuma ya nyumba, hatua ishirini kwa kumi, anafukia. Mke wangu yuko mstari wa pili, anafukia. Mbegu zilikuwa zimebaki kidogo chini ya debe, na lile debe nalijua. Hukaa juu ya jiko, kwenye moshi, mwaka mzima. Ni mahindi ya manjano marefu, mbegu aliyoiacha marehemu baba mkwe. Madukani haipo. Mwaka jana jua lilichoma karibu yote, na zilizobaki ndizo hizo. Zikifa hizo, mbegu ile imekwisha duniani, na marehemu naye, kwa namna fulani, amekwisha tena.

Nikamuuliza mbona anapanda na afisa kilimo hajatangaza. Akasema afisa ni mtoto wa watu, anafuata karatasi. Mvua imeshashika upande wa ghala, ya kwake iko njiani. Yeye anapanda vumbini, ili tone la kwanza lizikute mbegu ziko kitandani.

Halafu akajinyoosha, mkono kiunoni, akasema:

"Nimepanda kwa neno lako, mkwe wangu."

Miaka ishirini na nne ya ndoa. Kwa miaka yote hiyo mimi ni "yule". Yule wako kaja. Yule wako kala? Leo, mkwe wangu. Mke wangu alisimamisha jembe kusikiliza.

Sikuweza kunywa chai yao. Nikasema tumbo.

Ijumaa, 7 Novemba

Kipimo: sufuri. Anga kama sahani iliyooshwa.

Mpango wa kwanza: azifukue bila mimi kusema chochote. Nikaenda asubuhi na mapema na uso wa kazi. Nikamwambia nimesikia kuna dawa mpya ya mbegu, lazima zipakwe kabla ya kulala ardhini, zisipopakwa zinaliwa na mchwa. Tuzitoe, nizipake, tuzirudishe siku nyingine.

Akaniuliza dawa iko wapi. Nikasema inakuja. Akauliza inatoka wapi. Nikasema mjini. Akauliza marehemu alikuwa anapaka nini. Nikasema nitarudi.

Kidogo tu nimwambie. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini akanikaribisha tena, mkwe wangu kaa, na lile neno likageuka likarudi lilikotoka.

Mwongo njia yake fupi, sawa, lakini hakuna aliyewahi kusema jinsi ilivyo na mteremko.

Mpango wa pili ni bora zaidi. Nimeufikiria mchana kutwa nikiwa nimekaa kwenye mzani wa ghala. Kosa langu ni nini? Kusema mvua imenyesha wakati haijanyesha. Sasa, kama ikinyesha? Si lazima inyeshe kila mahali. Inyeshe hatua ishirini kwa kumi tu. Ghala lina mapipa mawili ya maji, akiba ya moto. Na mkokoteni upo.

Jumamosi, 8 Novemba

Kipimo: sufuri. Mgongo: haupimiki.

Alfajiri nilitoka, nikamwambia mke wangu nakwenda kufanya mazoezi ya viungo. Akageukia ukutani. Hajaniona nikifanya mazoezi tangu tuoane, lakini hakuuliza. Hilo nalo lingenishtua, kama ningekuwa mtu wa kushtuka.

Pipa moja kila safari. Kupandisha kilima, nilisukuma. Kuteremka, mkokoteni ulinisukuma mimi. Nilifunga breki kwa visigino. Kiatu cha kushoto sasa kina mdomo.

Nilimwagilia kwa ile ndoo ya matundu, taratibu, mstari kwa mstari, bila kuruka hata shimo. Jua lilipochungulia kipande chote kilikuwa cheusi, kinanukia. Kama kuna mtu amewahi kunyesha vizuri kuliko hivyo, simjui. Nikarudi nyumbani nimelowa, nikasema jasho.

Saa mbili habari zikafika kwa miguu. Mama mkwe amepata mvua! Yeye peke yake! Mke wangu alikwenda kutazama, akarudi, akanitazama mimi, akaingia jikoni. Nusu ya watu wakapanda kilima. Mama mkwe amesimama katikati ya watu, anaelekeza kwa mkono: mvua ya mkwe ilianzia ghalani, ikapita juu hivi, ikashuka hapa.

Fundi naye akaja, na goti lake. Akazunguka kipande chote polepole kama anayepima nguo. Akafika kwenye kona. Kona ya pili. Zote nne. Akachuchumaa, akatazama mstari ambapo weusi umeishia na vumbi limeanza, umenyooka kama upindo.

"Miaka thelathini nakata vitambaa," akasema. "Sijawahi kuona mvua iliyokatwa kwa mkasi."

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikawa wa mwisho kuacha.

Lakini mbegu zimepata maji. Nimelipa nilichoharibu. Hesabu zangu na Mungu ziko sawa.

Jumapili, 9 Novemba

Kipimo: sufuri.

Haziko sawa.

Afisa kilimo kasikia huko kwake habari za mvua ya kipande kimoja, akaja na pikipiki yake. Alikuja ghalani kwanza. Akaniita mzee, nina miaka hamsini na mmoja. Akaniomba nimsindikize. Nikamsindikiza kama kondoo.

Alipiga magoti pembeni ya kipande, akachomoa kisu, akachimba shimo dogo. Vidole viwili vya juu, unyevu. Chini ya hapo, vumbi lile lile. Akachukua mbegu moja, akaiweka kiganjani, akatuonyesha mimi na mama mkwe. Imevimba. Imeshatoa kimzizi kidogo cheupe, kama jino la mtoto.

Akatueleza, na nayaandika kama alivyosema, maana sijawahi kusikia maneno mabaya yaliyosemwa kwa upole vile. Mbegu iliyopandwa vumbini imelala. Haina haraka. Inaweza kukaa wiki mbili, hata tatu, inasubiri mvua yake, haidhuriki. Mama alifanya sawasawa kabisa. Lakini ikipata maji kidogo tu, inaamka. Ikishaamka hailali tena. Inatoa mzizi, mzizi unateremka kutafuta maji, unakutana na vumbi, na hapo ndio mwisho. Aliyeweka maji haya, akasema, amefanya jambo baya kuliko kama asingefanya kitu.

Kwa hiyo: zile mbegu zilikuwa salama. Uongo wangu haukuwa umeziua. Kilichoziua ni wema wangu. Nilizifuata na mapipa mawili, nikiwa nimelowa, nikiwa na furaha.

Afisa aliuliza kama tunajua ni nani. Mama mkwe alikuwa anatazama ile mbegu. Mimi nilikuwa natazama kiatu changu cha kushoto.

Jumatatu, 10 Novemba

Kipimo: sufuri.

Nimesema.

Sikupanga. Nilikuwa na mpango mwingine kabisa, wa kumsingizia mtu apitaye. Nilimkuta mama mkwe amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Nikakaa chini, si kwenye kiti. Nikaanzia mwisho, maana mwanzo ulikuwa mzito: mapipa, mkokoteni, kisha kikombe, kisha goti la Fundi, kisha yale maneno manne niliyoyaacha kwenye taarifa. Nikamaliza. Maharage yalikuwa yanaendelea kuanguka kwenye sufuria, moja, moja.

Nilisubiri anifukuze. Nilikuwa nimeshatazama njia ya kutokea.

Akasema alijua tangu Jumamosi, watu walipotawanyika. Alama za gurudumu la mkokoteni zilikuwa mpaka mlangoni kwake. Alichokuwa hajui ni sababu. Alidhani nimefanya kwa kumpenda. Sasa anaona nilifanya kwa kujificha.

Hiyo ilinichoma kuliko kama ningepigwa kwa ungo.

Nikamwambia nitafanya lolote. Nitazifukua zote, nitaziosha, nitazikausha. Akasema mbegu iliyoamka hairudishwi kwenye debe. Halafu akaweka ungo chini, akanitazama usoni.

"Aliyemwamsha mtoto ndiye ambebe. Kila siku maji, shimo kwa shimo, yashuke chini kabisa. Mpaka mvua ije."

Nikauliza itakuwaje ikichelewa mwezi. Akachukua ungo wake.

Nimehesabu mashimo: mia nne na themanini. Kikombe kimoja kikubwa kila shimo. Ndoo kumi na mbili kwa siku. Basi zitakunywa. Naapa kwa haya mabega yangu mawili, hakuna hata moja itakayokufa kwa kiu nikiwa hai.

Jumanne, 11 Novemba

Kipimo: sufuri.

Maji hamna. Mapipa ya ghala nilishayamaliza kwenye ile mvua yangu. Mto umebaki mawe. Kisima kilicho karibu ni kimoja tu, na kiko uani kwa Fundi Cherehani.

Nilizunguka kilima chote kutafuta kisima kingine. Hakuna mtu aliyechimba kingine tangu jana.

Nikaenda. Barazani walikuwepo watu wanane, seremala, mama muuza mkaa, wakiwemo wale wote wa siku ile ya kopo. Nilitaka kumvuta Fundi pembeni. Akasema goti halimruhusu kusimama, niseme hapo hapo. Nikasema. Yote, mara ya pili ndani ya siku mbili, sasa mbele ya hadhira. Mama muuza mkaa alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika.

Fundi hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, nilikuwa na jibu. Aliuliza tu ndoo ngapi. Nikasema kumi na mbili kwa siku. Akasema maji ni ya Mungu, nichote. Ila ana sharti moja dogo.

Sharti: kila asubuhi, kabla ya ndoo ya kwanza, nisimame mbele ya baraza niulize, kwa sauti ya kusikika barabarani, "Shikamoo goti, leo unasemaje?"

Nilifikiria mbegu. Nilifikiria kile kimzizi cheupe kama jino. Nikasimama, nikaliamkia goti.

Goti lilisema bado siku nane.

Ijumaa, 14 Novemba

Kipimo: sufuri, na sasa kuna sahihi mbili. Nilimpigia afisa kilimo nikamweleza naye. Akaja, akapiga mstari mwekundu juu ya ile 27, mstari mmoja mrefu uliotoboa mpaka ukurasa wa pili. Kwanza alisema ninyang'anywe kopo. Mama mkwe ndiye aliyemzuia, amesema yule aachiwe, kazi ya ndoo inataka mtu mwenye aibu. (Nimerudi kuwa yule.) Basi afisa akaamua kila usomaji uwe na shahidi wa kuweka sahihi. Shahidi: Fundi. Anapanda mpaka ghalani na fimbo yake, anavaa miwani, anatazama gilasi tupu kama anayetafuta sindano, anasema "Sufuri, nakubali," anaweka sahihi yenye mikia mitatu.

Lakini sikiliza. Leo asubuhi kwenye mstari wa nne niliinama na kikombe changu, nikaona kitu. Kijani. Kimejikunja kama karatasi ya barua. Nikapiga magoti. Kingine. Mstari mzima!

Niliita kwa sauti ambayo sikuijua. Mama mkwe akatoka, mke wangu akatoka. Tukatembea kwa kunyata kama kuna mgonjwa amelala. Tulihesabu mia nne na kumi na moja. Mama mkwe aligusa moja kwa ncha ya kidole.

Mke wangu akaniletea chai pale pale shambani. Akaniambia alijua siku ile ya kwanza, kikombe changu kilirudi nyumbani kimekauka na mimi nikaomba maji. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, baba watoto, mimi nimeolewa nawe miaka ishirini na nne, ningesema mara ngapi?

Mikono ina malengelenge manne. Kuku wa jirani wamegundua mahindi. Nimewatangazia vita.

Jumatatu, 17 Novemba

Kipimo: sufuri. Shahidi kakubali.

Upepo wa joto tangu jana. Saa sita majani yanajikunja kama yanaona haya. Ndoo kumi na mbili hazitoshi tena, nimepandisha mpaka ishirini. Kisima cha Fundi kinatoa tope kidogo chini. Nilimwambia, nikadhani atafunga. Akatoa kamba yake ndefu ya akiba.

Tumepoteza ishirini na sita. Naandika idadi kwa sababu sitaki mtu mwingine aje kuisema.

Jioni nilianguka na ndoo mbili kwenye mteremko. Nikakaa njiani nikitazama maji yakiingia vumbini, yanaondoka bila kuaga. Nikasema basi. Imetosha. Mtu wa miaka hamsini na mmoja, anaamkia goti, kwa ajili ya vijani vya shubiri moja.

Nikainuka, nikarudi kisimani. Sijui ni nani aliyeinuka. Sidhani kama ni mimi ninayemfahamu.

Jumatano, 19 Novemba

Kipimo: 31.

Thelathini na moja! Ya juu! Ya mbinguni!

Ilianza jana saa kumi jioni, nikiwa mstari wa saba, nimeinama. Tone shingoni. Nikadhani ni mama mkwe ananirushia maji. La pili. Halafu ikaja yote kwa pamoja, bila utaratibu wowote, haifuati mstari, haina pembe, inamwagika kwa kila mtu. Mimi nilikuwa bado nashika kikombe. Nikamalizia shimo lile. Sijui kwa nini. Ilikuwa zamu yake.

Leo saa tatu Fundi alisoma gilasi mara tatu. Akaweka sahihi. Akasema goti lilikosea siku moja, lilikuwa limesema leo, ikaja jana. Nikamwambia siku moja si kitu. Nilisema hivyo mimi, kwa kinywa changu.

Leo kila mtu ameingia shambani kupanda. Mama mkwe hakupanda. Mahindi yake yana majani matatu, miche mia tatu na themanini na tano, yanasimama wima. Nilipopita, alisema, mkwe, kunywa uji kabla hujaenda. Bila "wangu". Sitaki kuomba sana.

Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa ili nisisahau: UKWELI HAUCHOTWI KWA NDOO. Sitafungua tena mdomo kuhusu mvua mpaka nife.

Jumamosi, 22 Novemba

Kipimo: 6. Shahidi kakubali.

Leo ilikuwa siku ya toba kamili. Afisa kilimo alikusanya wasomaji wa vipimo na wakulima wa mabonde matatu ya jirani hapa uani pa ghala. Huko kwao mvua haijafika bado, wanasubiri, vumbi kama letu la juzi. Aliniomba nisimame nieleze kosa langu, liwe fundisho. Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja. Ulianza: Mimi ni mkosaji.

Tatizo ni kwamba wageni walikuwa wameshapita kwa mama mkwe. Wameona yale mahindi. Yamefika gotini mwa mtoto, wakati ya wengine hayajatoka ardhini.

Nikasoma: mimi ni mkosaji. Wakapiga makofi. Nikaeleza kikombe. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya akauliza kama kikombe kilikuwa jaribio. Nikasema... ilikuwa namna ya jaribio. Nikaeleza mapipa. Wakauliza mapipa mangapi, wakaandika. Nikaeleza ndoo kumi na mbili, ambazo kufikia hapo zilikuwa zimekuwa arobaini. Mtu wa nyuma akauliza hii njia ya kuamsha mbegu mapema inaitwaje. Nilifungua mdomo kusema haina jina, ni ujinga tu, na nikajisikia nikisema Kilimo cha Mwamsho.

Wakaandika hilo pia.

Afisa kilimo alisimama mara mbili kunikatiza. Hawakumsikia, walikuwa wananiuliza mimi. Miaka mingapi tangu watu waniulize! Wakasema wao wana mbegu, wana mapipa, wako tayari kuamsha kesho hiyo hiyo, mradi wajue mvua inawafikia lini, maana kubeba maji siku nyingi hawawezi. Wote wakanitazama. Nikamtazama Fundi. Fundi akapapasa goti, akasema limenyamaza, halina habari za huko.

Limenyamaza. Mimi na kofia yangu.

Nikasema Alhamisi.

Nilisema bila kupepesa. Mzee wa kofia akaniomba nirudie ili aandike vizuri. Nikarudia. Kwenye kivuli cha ukuta alikuwepo mama mkwe, amekaa na ungo wake, na akasema bila kuinua kichwa, kwa sauti ile ya Jumatatu:

"Na hao watoto wao, nani atawabeba?"

Wageni walidhani ni mzaha wa kizee, wakacheka wakaondoka.

Nimekaa sasa na kalamu. Mabonde matatu. Kaya mia mbili na arobaini. Nimepiga hesabu ya ndoo. Nimepiga tena, kwa kikombe kidogo, nusu shimo, siku moja ndiyo siku moja siyo. Hata nikianza usiku huu, hata nikipewa visima vyote na punda kumi, haiwezekani. Haiwezekani kabisa.

Kwa hiyo Alhamisi itanyesha.